Mwenye kiwanja amekula pesa yangu, sasa anakataa kusaini hati. Nifanye nini?

#1 BintiBombo
Asalaam aleikum, habari za jioni nyote. Naomba mawazo, na aliyepitia jambo kama hili aseme lililompata.

Mwaka juzi mimi na mume wangu tulinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 upande wa Seeta, wilaya ya Mukono, hapa Uganda. Mwenyewe ni mzee mmoja wa pale pale. Bei tulipatana milioni 40. Siku ya kuandikiana tulimpa 20, baadaye tukaongeza 11, zikabaki 9 ambazo mkataba unasema tutamaliza siku atakaposaini fomu za kuhamisha na kutukabidhi taito, yaani hati ya umiliki. Mkataba upo, kurasa mbili, una saini ya mzee, dole gumba la shahidi wake na muhuri wa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji.

Mwezi uliopita tulipeleka zile 9. Mzee akatukaribisha vizuri, akaita chai, kisha akasema kwa upole kabisa: "Binti yangu, sitasaini. Watoto wamesema kiwanja hakiuzwi. Pesa yenu nitarudisha kidogo kidogo." Barabara ya pale imeshawekwa lami na majirani wanauza kwa 70. Juzi nimekwenda nikakuta jiwe la mpaka la upande wa barabara limeng'olewa, shimo bado bichi, na seng'enge mpya imezungushwa mpaka kwenye mfenesi.

Je, ni lazima nipokee pesa zangu, au kuna njia ya kumfanya asaini?

#2 Kisenyi_Boy
Dada, polisi tu. Amekula pesa, huyo mwizi. Akilala ndani siku mbili atasaini mwenyewe.

#3 Afande_Mstaafu
Kijana hapo juu, taratibu. Nimekaa kaunta miaka mingi na nimeziona hizi. Mzee aliuza kiwanja chake, kwa jina lake, akabadili nia baadaye. Hiyo ni kesi ya madai. Polisi si wakusanya madeni. Inakuwa jinai pale ambapo tangu mwanzo alidanganya: kiwanja si chake, au taito ni ya bandia, au kile kile amekiuza kwa watu wawili. Hapo ndipo unaongea habari ya kujipatia pesa kwa udanganyifu.

Na saini ya selo haina faida. Wakili wake atasimama kortini aseme mzee alilazimishwa, na yote yaanze upya. La kufanya polisi sasa, Binti, ni kuandikisha lile jiwe lililong'olewa. Chukua namba ya taarifa, itunze.

#4 Wakili_wa_Mtaa
Shikamoo Afande. Nafanya kazi katika ofisi ya mawakili Kampala, nakubaliana naye.

Binti, jibu fupi: si lazima upokee pesa. Sheria yetu ya Mikataba ya 2010 inaruhusu korti kumwamuru aliyevunja mkataba autekeleze vile vile alivyoahidi. Kwenye ardhi maombi hayo ni ya kawaida, maana kiwanja si gunia la mahindi kwamba utapata lingine la aina ile ile sokoni. Ila ujue ni hiari ya hakimu. Mahakama ya Juu ilishalisema katika rufaa ya madai namba 9 ya 2001: haki hii inatoka kwenye insafu, yaani uadilifu, na korti inamtazama hata anayeomba, kama mikono yake ni safi na kama alikuwa tayari kutimiza upande wake.

Kwa hiyo zile 9 usizitumie kwa ada za shule. Ziwe benki, na taarifa ya akaunti ionyeshe zilikuwepo siku mliyokwenda. Halafu wakili amwandikie mzee barua: tuko tayari, pesa hizi hapa, saini katika siku kadhaa. Asipojibu au akikataa kwa maandishi, umeshapata ushahidi.

#5 Dalali_Seeta
Mimi niko Seeta hapa hapa, hiyo barabara naijua. Dada, kabla ya barua weka KAVETI, yaani zuio la kuhamisha taito. Leo kabla ya kesho. Mtoto wa mzee akileta mnunuzi wa 70 na taito ikahama, utakuwa unafukuza upepo. Tatizo la kaveti ni moja tu, inakaa siku 60 inakufa.

#6 BintiBombo
Ahsanteni. Taito ni ya mailo, yaani umiliki wa kudumu, nina nakala ya ukurasa wa kwanza yenye namba ya bloku na ploti. Kaveti inawekwa wapi, na siku 60 si chache sana?

#7 Wakili_wa_Mtaa
Dalali ana haki kuhusu haraka, ila siku 60 kazielewa kinyume. Kaveti haifi yenyewe siku ya 60 tangu uiweke. Inakaa. Mwenye taito akiomba iondolewe, msajili wa ardhi anakutumia ilani, na siku 60 zinahesabiwa kuanzia ilani hiyo. Ndani ya siku hizo uwe umeshafungua kesi na kupata amri ya korti ya kuibakiza. Ukilala, inafutwa.

Inawekwa ofisi ya ardhi ya kanda yenu, hapo ni Mukono. Unaandika kaveti, unaambatanisha hati ya kiapo inayoeleza haki yako imetoka wapi, na nakala ya mkataba.

#8 FundiMawe
Hapo kwenye ilani ndipo palipotuumiza sisi. Mama yangu aliweka kaveti akaandika anwani ya sanduku la posta la shule aliyokuwa akifundisha. Akastaafu. Ilani ikapelekwa kule, barua ikalala kwenye meza ya katibu. Tunakuja kushtuka, kaveti imeondolewa na nyumba ya mtu iko kwenye lenta. Dada, andika anwani ya wakili wako au mahali ambapo hutahama.

Swali la fundi: siku mlipopimiwa, mchora ramani alikuwa nani, wa kwenu au wa mzee? Na ile karatasi ya vipimo unayo? Jiwe likitolewa si mwisho, vipimo vinalirudisha pale pale.

#9 BintiBombo
Pole sana kwa mama, Fundi. Mpimaji tulileta sisi. Karatasi ninayo, mzee alikuwepo akishika kamba mwenyewe.

#10 MamaZaina_Arua
Mwanangu pole. Huku kwetu Arua ardhi nyingi ni ya kimila, taito hakuna, lakini ukaidi ni ule ule. Marehemu mume wangu alinunua kwa rafiki yake, pesa ikaisha kulipwa, ndugu za rafiki wakasema ardhi ni ya ukoo. Tulikaa chini ya mwembe Jumamosi tatu. Wazee wakauliza jambo moja tu: hela ilifanya kazi gani? Ikaonekana ililipia hospitali ya mama yao wenyewe. Wakanyamaza. Tulitoa mbuzi, tukala, mipaka ikapandwa miti mbele ya watu.

Nakwambia: umeongea na huyo mzee, sawa. Umeongea na mke wake?

#11 Mwalimu_Mbale
MamaZaina kagusa penyewe. Binti, mke wa mzee alisaini?

#12 BintiBombo
Hapana, Mwalimu. Alikuwepo, ndiye aliyetupa maji ya kunywa, lakini hakusaini. Hakuna aliyetuambia.

#13 Mwalimu_Mbale
Basi hapo ndipo kesi yako itaamuliwa. Sheria ya Ardhi inakataza mtu kuuza ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake wa ndoa. Ni kile kifungu cha 39 cha zamani, siku hizi namba zimesogea baada ya sheria kuchapwa upya. Bila ridhaa mauzo ni batili. Hata kama ulinunua kwa nia njema hujui lolote, ni batili, kilichobaki ni kudai pesa uliyotoa.

Ushauri wangu: chukua pesa yako, dai faida (riba) juu yake, ukatafute kwingine. Kesi za ardhi zinazeesha watu. Shemeji yangu aliingia kortini mtoto wake yuko darasa la pili, leo kijana anaendesha boda.

#14 Dalali_Seeta
Mwalimu unamtisha dada bure. Huo ni uwanja mtupu! Si nyumba ya mzee, yeye anakaa kule juu kwenye kilima.

#15 Wakili_wa_Mtaa
Mmekaribia ukweli nyote wawili. Si kila ardhi ya mtu mwenye mke ni ardhi ya familia. Sheria inataja ardhi yenye makazi ya kawaida ya familia, au ile yenye makazi hayo ambayo pia familia inapata riziki yake kutoka kwayo, au ile waliyokubaliana iwe hivyo. Kiwanja kitupu mbali na nyumba kinaweza kuwa nje. Binti, siku mnanunua pale palikuwa na nini?

#16 BintiBombo
Palikuwa na viazi vitamu matuta manne au matano, na mihogo kidogo upande wa nyuma. Mke wa mzee aliomba avune kwanza, tukamwachia msimu mzima. Na ule mfenesi.

#17 Mwalimu_Mbale
Viazi hivyo ndiyo riziki ya familia. Nimesema.

#18 FundiMawe
Mwalimu, matuta manne? Kila kiwanja kitupu Uganda kina matuta manne. Jirani analima, mpita njia analima. Na mimi naona jambo jingine: mama aliomba avune halafu aondoke. Mtu anayepinga mauzo haombi muda wa kuvuna. Si ameridhia?

#19 Wakili_wa_Mtaa
Fundi, hoja yako ni nzuri na nikiwa upande wa Binti nitaitumia. Lakini ridhaa ina namna yake iliyowekwa na kanuni, ni ya maandishi. Upande wa pili watasema kumpa mtu maji na kuvuna viazi si ridhaa. Hakimu mmoja atalitazama hivi, mwingine vile.

Mjue pia kwamba sheria hiyo hiyo inampa mwenzi haki ya kuweka kaveti yake, na ya kwake haiondoki kirahisi kama ya mnunuzi. Kwa hiyo Binti, siku ya kufanya sachi, yaani kukagua rekodi ya taito ofisi ya ardhi, uangalie kama mama ameshaweka.

#20 MjombaTororo
Samahanini nimechelewa. Mbona mnazunguka? Kuna amri ya msajili ya kukabidhi taito bila saini ya muuzaji. Mimi nimeipata. Aliyeniuzia alihamia London, simu haishikwi, ndugu zake hawajui alipo. Nilikwenda ofisi ya ardhi na mkataba na risiti, wakanihamishia. Korti sikuiona.

#21 Wakili_wa_Mtaa
Mjomba hongera, lakini mlango wako si wa Binti. Amri ile inatolewa pale ambapo bei imelipwa yote, mnunuzi ameshaingia na kukalia ardhi, muuzaji anajua na amenyamaza, na fomu haijasainiwa kwa kuwa muuzaji amekufa, yuko nje ya nchi, au hapatikani. Mzee wa Seeta yuko hai, yuko nyumbani, anatoa chai. Amekataa tu. Na bado kuna 9 hazijalipwa.

#22 MjombaTororo
Nimeelewa. Kumbe bora angehamia London.

#23 MgeniGoma
Habari. Mimi Mkongo niko Kampala miaka sita, nauza vitenge. Naweza kununua mailo kama huyu dada? Dalali mmoja ananiambia inawezekana nikipitia jina la rafiki.

#24 Afande_Mstaafu
Usithubutu, ndugu. Katiba ya 1995 inampa asiye raia ukodishaji tu, na Sheria ya Ardhi inaweka mwisho miaka 99. Mailo na frihodi, yaani umiliki wa kudumu, si zako. Ukiandika kwa jina la rafiki, siku mkikosana, kiwanja ni cha rafiki. Fungua uzi wako tukusaidie, tusimwache Binti.

#25 Mwalimu_Mbale
Turudi. Binti, kifungu cha malipo kinasemaje? Neno kwa neno. Huwa watu hawakisomi mpaka siku ya vita.

#26 BintiBombo
Nimekitoa sandukuni. Kinasema: "Mnunuzi atalipa awamu ya pili ya shilingi 11,000,000 kabla ya tarehe 31 mwezi wa tatu. Akishindwa mkataba huu utakuwa umevunjika."

Niseme ukweli wote. Tulilipa tarehe 21 mwezi wa nne. Mume wangu alikuwa amelazwa. Mzee alikuja hospitali kumwona, tukampa pesa pale pale kitandani, akahesabu, akaandika risiti nyuma ya karatasi ya dawa, akasaini. Hakusema neno kuhusu kuchelewa.

#27 Kisenyi_Boy
Banange! Hapo sasa…

#28 Mwalimu_Mbale
Mikono safi, alisema Wakili. Watalishika hilo.

#29 Wakili_wa_Mtaa
Watalishika, ndiyo. Lakini mzee alikuwa na njia mbili siku ile: kusema mkataba umekufa na kukataa 11, au kuzipokea na kuendelea. Alizipokea akaandika risiti. Anayepokea pesa ya mkataba baada ya tarehe kupita hawezi baadaye kugeuka na kusema mkataba ulikufa tarehe ile. Risiti ile ya karatasi ya dawa ni ya thamani kuliko muhuri wa LC1. Piga picha pande zote mbili, ile halisi usimpe mtu yeyote, hata mimi.

Pia angalia mkataba kama umelipiwa ushuru wa stempu. Usiolipiwa korti haiupokei kama ushahidi mpaka ulipiwe. Inarekebishika, unalipa na adhabu kidogo, lakini usisubiri wakili wa upande wa pili akuumbue mbele ya hakimu.

#30 DerevaMalaba
Niulize kitu kidogo. Mzee anajua kusoma? Shahidi aliweka dole. Mimi mkataba wangu ulianguka hivyo: muuzaji hajui kusoma, na aliyeuandika hakuandika mahali popote kwamba alimsomea akaelewa.

#31 BintiBombo
Mzee anasoma Luganda, mkataba ni wa Kiingereza. Aliyeandika ni karani wa LC. Alimfafanulia kwa mdomo, sote tukisikia.

#32 DerevaMalaba
Mtafute huyo karani mapema, kabla watoto wa mzee hawajamfikia. Nasema kwa uchungu.

#33 BintiBombo
Ndugu zangu, kuna jipya, nimetetemeka. Asubuhi hii nimeingiziwa shilingi milioni 3 kwenye simu, namba ya mtoto wa mzee, na ujumbe: "Mama hii ni awamu ya kwanza ya kukurudishia pesa ya kiwanja." Sijagusa. Nimeshakubali bila kujua?

#34 Dalali_Seeta
Zirudishe sasa hivi! Zikikaa kwenye simu yako watasema umepokea.

#35 Afande_Mstaafu
Usirudishe kwa simu ukagombana na ada za kutuma, mtu akabadili maneno. Usizitumie tu. Piga picha ya ujumbe.

#36 Wakili_wa_Mtaa
Kupokea pesa ya kurudishiwa na kukaa kimya kunaweza kusomwa kuwa umekubali mkataba ufe. Ila wewe hukuomba, umeingiziwa. Dawa ni maandishi ya leo leo: mjibu kwa ujumbe kwamba hukubali kurudishiwa, mkataba unasimama, milioni 3 zake ziko salama na aseme azipokee wapi. Barua ya wakili ifuate kwa mzee mwenyewe, maana mtoto si mhusika wa mkataba. Kuhusu kurudisha, mimi ningezirudisha kupitia wakili, kwa risiti.

Mwalimu, nikujibu na la kwako. Kama mwisho wake ni pesa, basi si 31 tu. Kiwanja mlipatana 40, leo ni 70. Tofauti hiyo ni hasara ya Binti na anaweza kuidai kama fidia, pamoja na faida. Ndiyo maana kwenye hati ya madai tunaandika yote mawili: kwanza asaini, na korti ikikataa, basi arudishe pesa pamoja na faida na fidia. Huchagui moja ukafunga mlango wa pili.

#37 Mwalimu_Mbale
Hilo la fidia nalikubali, sikuwa nimeliweka. Lakini kama mauzo ni batili kwa ajili ya mama, fidia ya tofauti ya bei itatoka wapi? Sheria inamwachia kudai alichotoa. Bado nasimama kwenye viazi.

#38 MamaZaina_Arua
Mwalimu na viazi vyako. Siku ukija Arua nitakupikia.

Binti, mzee aliyekwenda hospitali kumwona mumeo si mtu mbaya. Wamemzidi nguvu watoto. Kaveti weka, barua peleka, lakini mtume mtu mzima kwa yule mama.

#39 Kisenyi_Boy
Hii inafunguliwa korti gani? Na ina muda? Niulize kwa faida yangu pia.

#40 Wakili_wa_Mtaa
Hakimu mkuu wa wilaya anaishia kesi za milioni 50. Kwa bei ya mkataba ingeingia kwake, kwa bei ya leo inavuka, itakwenda Mahakama Kuu. Kokote utakakofungua utapelekwa kwanza kwenye usuluhishi, na usuluhishi mzuri huokoa miaka. Muda: madai ya mkataba miaka 6, ya kurudishiwa ardhi miaka 12. Usingoje hata mmoja.

#41 BintiBombo
Nimerudi na habari. Jana nilikuwa ofisi ya ardhi Mukono tangu saa mbili. Sachi imetoka: taito bado ni ya mzee, haina mkopo wa benki, haina kaveti ya mtu. Kaveti yangu imepokelewa, nina nakala yenye muhuri. Ujumbe kwa kijana nimetuma, amesoma, hajajibu. Nikiwa kwenye taksi narudi Jinja, mke wa mzee akapiga simu. Ameniuliza habari za mume wangu, akanyamaza kidogo, akasema: "Njoo Jumapili, lakini usimwambie kijana." Niende?

#42 MamaZaina_Arua
Nenda. Beba sukari.

#43 Mwalimu_Mbale
Nenda, lakini usisaini chochote. Na usimpe pesa yoyote mkononi.

#44 Wakili_wa_Mtaa
Nenda na mumeo kama anaweza kutembea. Akisema ameridhia, usiandikiane pale. Mwambie Jumatatu mtakuja wote ofisini kwa wakili na fomu ya ridhaa.

#45 FundiMawe
Na ukipita kwenye kiwanja, piga picha ya lile shimo kabla mvua haijalijaza. Weka kitu pembeni, hata kiatu, ukubwa uonekane.